Bata Mzinga: Ndege wa Meksiko Aliyepewa Uraia wa Kila Nchi Isipokuwa Yake

Mwezi Juni 2022 Umoja wa Mataifa ulikubali ombi la serikali ya Uturuki kwamba nchi hiyo iandikwe Türkiye katika shughuli za umoja huo, badala ya jina la Kiingereza lililokuwa limezoeleka kwa miaka mingi. Serikali ilieleza kuwa jina la Kituruki ndilo linalobeba vyema utamaduni na historia ya taifa hilo, lakini chombo cha habari cha taifa, TRT World, hakikuficha kero nyingine: kwa Kiingereza, jina la nchi na jina la ndege mmoja wa kufugwa huandikwa kwa herufi zile zile, turkey, na katika mazungumzo ya kawaida ya Waingereza na Wamarekani neno hilo hutumika pia kwa jambo lililofeli vibaya.

Msomaji wa Kiswahili aliyekutana na habari hiyo alikuwa na haki ya kushangaa. Uturuki na bata mzinga ni majina yasiyokutana hata kwa silabi moja, kwa hiyo kejeli iliyokuwa ikiwaudhi Waturuki kwetu haipo kabisa. Yakabaki maswali. Je, ndege huyu ametoka Uturuki? Au nchi ndiyo iliyopewa jina la ndege? Na ikiwa Waingereza humwita kwa jina la Waturuki, Waturuki wenyewe humwitaje?

Swali hili la mwisho ndilo linalofungua fundo lote. Waturuki humwita hindi, maana yake wa India. Ukivuka mpaka hadi India yenyewe, mojawapo ya majina yake katika Kihindi ni piru, lililotoka kwa Wareno, ambao humwita peru kwa kuamini zamani kwamba alitoka nchi ya Peru. Wenyeji wa Peru nao hawakuwa na ndege huyu hadi alipoletwa na wageni. Kila taifa limenyoosha kidole kwa taifa jingine, na hakuna hata moja kati ya haya matatu lililopatia.

Ni ndege gani hasa

Kabla ya kufuata majina, tumfahamu mwenye majina. Bata mzinga, licha ya jina lake la Kiswahili, si bata. Vidole vyake havikuunganishwa kwa ngozi ya kuogelea, mdomo wake ni mfupi na umechongoka kama wa kuku, na dume lake lina vipi miguuni kama jogoo. Wataalamu wa wanyama humweka katika kundi moja na kuku, kwale, kanga na tausi. Kiswahili kilimtia kwa mabata pengine kwa ukubwa wake tu, kwa maana neno bata limekuwa kama jina la ukoo kwa ndege kadhaa wakubwa: bata maji, bata bukini, bata mzinga. Na tusiwacheke wengine haraka, kwani Bukini ni jina la zamani la Kiswahili la kisiwa cha Madagaska. Nasi pia tumemwita ndege kwa jina la nchi ya ng'ambo.

Makazi yake ya asili ni Amerika ya Kaskazini, kuanzia kusini mwa Kanada, kupitia Marekani, hadi Meksiko. Waliomfuga kwanza ni wenyeji wa eneo la Meksiko, takriban miaka 2000 au zaidi iliyopita, na ukoo huo wa Meksiko ndio uliowazaa bata mzinga wote wanaofugwa leo duniani. Katika lugha ya Kinahuatl, iliyokuwa lugha ya Waazteki, watawala wa eneo hilo kabla ya Wahispania, na ambayo bado inazungumzwa, aliitwa huexolotl. Kihispania cha Meksiko kikalipokea jina hilo kwa kulilainisha kuwa guajolote, na hadi leo Wameksiko wengi humwita hivyo. Hilo ndilo jina la kienyeji lililopata bahati ya kuendelea kuishi katika lugha ya watawala, lakini halikuvuka bahari. Wahispania walipowapeleka ndege hao Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16, katika miaka ile ile ya uvamizi wa dola ya Waazteki wa 1519 hadi 1521, mizigo ilisafiri na jina likaachwa gatini.

Hapa ndipo kosa lilipozaliwa. Kitu kigeni kinapofika bila jina, watu hutazama kinafanana na nini walichokwisha kukijua, kisha hukipa jina la hicho. Wahispania walimwona dume akitanua mkia wake mpana kama upepeo, wakakumbuka tausi, ambaye kwa Kihispania cha wakati huo aliitwa pavo. Wakamwita mgeni pavo. Baadaye ikawa vigumu kutofautisha wawili hao, na aliyelazimika kubadilisha jina ni mwenyeji: tausi akawa pavo real, yaani pavo wa kifalme, ilhali mgeni kutoka Meksiko amebaki na pavo lake mpaka leo. Angalau tausi alifidiwa kwa cheo. Ndege wa pili aliyepokonywa jina hakufidiwa kitu, na huyo ni kanga.

Kanga ndiye ufunguo

Huwezi kueleza neno la Kiingereza turkey bila kupitia kwa kanga, na ajabu ni kwamba simulizi nyingi za asili ya neno hili humruka. Kanga ni ndege wa Afrika, mwenye manyoya ya kijivu yenye madoa meupe na kichwa kisicho na manyoya, anayetembea kwa makundi na kupiga kelele kila anaposhtushwa. Wagiriki na Waroma wa kale walimjua na kumfuga. Wagiriki walimwita meleagris, kutokana na kisa cha shujaa Meleagro, ambaye dada zake walimlilia kwa uchungu alipokufa hadi mungu wa kike Artemi akawageuza ndege. Madoa meupe ya kanga, kwa mujibu wa kisa hicho, ni matone ya machozi yao. Waroma walimwita kuku wa Numidia, kwa jina la ufalme wa zamani uliokuwa Afrika ya Kaskazini.

Dola ya Roma ilipoanguka, kanga alitoweka kwa kiasi kikubwa katika mabanda ya Ulaya. Alirudi karne nyingi baadaye kwa njia mbili: Wareno walimchukua katika pwani ya Guinea, Afrika Magharibi, na wafanyabiashara wa mashariki ya Mediterania walimfikisha kupitia nchi zilizokuwa chini ya Waturuki wa Uthmaniya, ambao mwaka 1517 waliiteka Misri pia. Kwa Mwingereza wa kawaida wa wakati ule, chochote kilichopita bandari za eneo hilo kilikuwa cha Kituruki, na hata wafanyabiashara wa Kiingereza waliokwenda huko waliitwa kwa jina hilo hilo. Kanga akawa jogoo wa Kituruki. Ni sawa na mzigo unaotambulika kwa muhuri wa bandari ya mwisho, huku shamba ulikovunwa likisahauliwa.

Kwa hiyo neno turkey, katika maana ya ndege, lilikuwa la kanga kwanza. Katika miaka ya 1540, wakati jina hilo linaanza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza, ndege wa Meksiko naye alikuwa ameanza kuingia katika mashamba ya Uingereza. Wote wawili ni wakubwa kuliko kuku, wote wana vichwa vitupu visivyo na manyoya, wote ni wageni, na wote waliuzwa kwa watu wenye uwezo. Waandishi wa karne ile waliwachanganya hata katika vitabu vya elimu ya wanyama. Mwaka 1550 Mwingereza William Strickland alipewa nembo ya ukoo yenye jogoo wa Kituruki, na mchoro wake uliohifadhiwa unaonyesha wazi kuwa huyo si kanga, ni bata mzinga. Jina lilikuwa limeshahama. Walipogundua kuwa ni ndege wawili tofauti, Waingereza walimwachia jina la Uturuki yule wa Meksiko, na kanga wakampa jina la Guinea. Angalau Guinea iko Afrika.

Jambo hili halikuwa la ndege tu. Mmea mmoja wa Meksiko ulipitia njia ile ile kwa wakati ule ule, na mfano wake unamhusu kila msemaji wa Kiswahili. Mwaka 1542 mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Leonhart Fuchs, aliuchora na kuuita kwa Kilatini nafaka ya Kituruki. Waitalia bado huuita granturco, wakimaanisha jambo lile lile. Waturuki wao huuita mısır, ambalo ndilo jina lao la nchi ya Misri. Waswahili wakauita mahindi. Nafaka ni moja, chimbuko lake ni Meksiko, na majina yanataja Uturuki, Misri na India. Anayeona ajabu Mwingereza kumwita ndege wa Meksiko Mturuki, ajiulize ni mara ngapi kwa siku yeye mwenyewe hutaja mahindi bila kuifikiria India.

Safari ya India na Kalikuti

India ndiyo iliyosingiziwa zaidi. Wafaransa humwita dinde, ufupisho wa maneno yenye maana ya kuku wa India. Kwa Kipolandi ni indyk, kwa Kirusi ni indeika, na Waturuki, kama tulivyoona, wana hindi. Tukiwatendea haki, kosa hili lina nusu ya ukweli ndani yake. Kristofa Kolombo alipofika katika visiwa vya Amerika mwaka 1492 aliamini amefika pembezoni mwa Asia, na kwa muda mrefu baada ya hapo nchi zote za upande ule ziliitwa Indi, kisha Indi za Magharibi. Mfaransa wa kwanza aliyesema kuku wa India huenda alimaanisha Indi hizo, yaani Amerika, naye akawa amesema kweli. Waliorithi neno baada yake ndio waliosahau kwamba palikuwa na Indi mbili.

Utetezi huo hauwezi kutolewa kwa Waholanzi. Wao humwita kalkoen, wakimaanisha kuku wa Kalikuti, na Kalikuti haina utata wowote: ni mji wa bandari katika pwani ya Malabar, kusini-magharibi mwa India, ambao leo huitwa Kozhikode. Ni mji ule ambao Vasco da Gama aliufikia mwezi Mei 1498, baada ya kupewa rubani Malindi wa kumvusha Bahari ya Hindi. Safari hiyo ndiyo iliyolifanya jina la Kalikuti livume katika kila bandari ya Ulaya, hata likawa namna ya kusema kwamba kitu kimetoka mbali na kina thamani. Neno la Waholanzi likaenea kaskazini: Waswidi wana kalkon, Wadenmaki kalkun, Wafini kalkkuna. Likafuata pia meli za wakoloni hadi Indonesia, ambako ndege huyu ni kalkun. Majirani zao wasemao Kimalei wao walitazama aliyemleta, wakamwita ayam belanda, kuku wa Kiholanzi. Yaani Mholanzi anasema ndege ni wa India, na Mmalei anasema ni wa Mholanzi.

Mchezo huo wa kusukumiana unaendelea kokote utakakokwenda. Wakambodia humwita kuku wa Kifaransa, na katika Kigaeliki cha Uskoti pia ni kuku wa Kifaransa. Wavietnamu husema kuku wa magharibi. Katika Kiarabu cha Misri ni diki rumi, jogoo wa Rumi, na Rumi kwa Waarabu ilikuwa nchi ya Bizanti, yaani dola ya Roma ya Mashariki, ambayo baadaye ilitawaliwa na Waturuki, kwa hiyo Mmisri na Mwingereza wamekubaliana bila kukutana. Lakini katika Shamu, yaani Syria na majirani zake, husema jogoo wa Habeshi, yaani Ethiopia. Ukiyapanga majina haya yote juu ya ramani utapata picha nzuri ya njia za biashara za karne ya 16 na ya 17, pamoja na picha ya dhana za kila watu kuhusu kule vinakotoka vitu vya thamani. Meksiko haimo katika picha hiyo.

Wachache waliamua kutotaja nchi yoyote, na kwa maoni yangu hao ndio waliofanya kazi nzuri zaidi, kwa sababu walimtazama ndege mwenyewe. Msogelee dume la bata mzinga wakati wa kumtongoza jike. Kichwa na shingo yake ni ngozi tupu yenye vinundu. Juu ya mdomo kuna kinyama ambacho akiwa ametulia huwa kifupi na kimesimama kidogo, lakini akisisimka hurefuka kikaning'inia hadi kuupita mdomo. Mishipa ya damu katika ngozi ya kichwa hutanuka na kusinyaa kulingana na msisimko wake, na ngozi hiyo hubadilika mbele ya macho yako kutoka nyekundu kwenda samawati, na utosi ukawa mweupe kama chaki. Wajapani wakamwita ndege wa nyuso saba, na Wakorea vivyo hivyo. Waajemi humwita buqalamun, neno wanalolitumia pia kwa kinyonga. Wachina waliona wekundu wa kichwa, wakamwita kuku wa moto. Hakuna hata jina moja kati ya haya linalohitaji kusahihishwa.

Yanayosemwa na yasiyo kweli

Yapo madai kadhaa yanayorudiwa sana, hasa kila mjadala wa jina la Uturuki unapoibuka, na ni vyema kuyatenganisha na yaliyothibitika.

La kwanza ni kwamba nchi ilipewa jina la ndege. Hili halisimami hata kwa tarehe. Jina Turchia lilikuwa likitumiwa na Wazungu katika maandishi ya Kilatini tangu karne ya 12, na hakuna Mzungu wa karne hiyo aliyewahi kumwona bata mzinga. Jina la nchi limetokana na watu wake, Waturuki, na ndege akaazima baadaye. Wala Waturuki hawakushiriki kwa lolote katika kumpa jina hilo. Wao walikuwa na la kwao, na hilo lilielekea India.

Dai jingine linasema neno la Kiingereza ni mwigo wa mlio wa ndege, eti hulia tek, tek, tek. Yako majina ya ndege yaliyozaliwa kwa namna hiyo, kwa hiyo dai lenyewe si la kipuuzi. Tatizo lake ni kanga. Iwapo jina lilitumika kwa kanga kabla ya kuhamia kwa bata mzinga, mlio wa bata mzinga hauwezi kuwa chanzo chake. Kwa sababu hiyo hiyo huanguka pia kisa kinachopendwa cha mkalimani wa Kolombo, Luis de Torres, aliyekuwa na asili ya Kiyahudi, kwamba alimwona ndege huyo akamwita kwa neno la Kiebrania la tausi, tuki, na Waingereza wakalipotosha. Kisa kinavutia, lakini kinamtaka Mwingereza alipate neno kutoka katika meli ya Kihispania ya 1492, ilhali maandishi ya Kiingereza hayalionyeshi hadi miaka ya 1540, na yanapolionyesha linakuwa limeshikamana na Uturuki na kanga.

La tatu ni la kwetu: kwamba kanga na bata mzinga ni ndege wa aina moja, mmoja mdogo na mwingine mkubwa. Ni jamaa wa mbali tu. Kanga ni wa Afrika na bata mzinga ni wa Amerika, na koo zao zilitengana mamilioni ya miaka kabla ya mtu yeyote kufuga ndege. Hata hivyo, anayeamini hivyo ana mshirika mkubwa, nao ni wanasayansi.

Mwaka 1758 Mswidi Carl Linnaeus, aliyeweka utaratibu wa kumpa kila kiumbe jina la Kilatini la maneno mawili, alifika kwa bata mzinga. Alimwandika Meleagris gallopavo. Neno la kwanza ni lile la Wagiriki, ambalo kwa karne zote hizo lilikuwa la kanga na la dada wa Meleagro. La pili limeunganishwa kwa jogoo na tausi. Ukilitafsiri jina zima unapata kanga jogoo-tausi: ndege watatu wa Dunia ya Kale, yaani Afrika, Asia na Ulaya, wamewekwa katika jina la ndege mmoja wa Meksiko. Kanga naye leo anaitwa Numida meleagris, kwa hiyo jina lake la kale bado analo, ila limesogezwa nyuma, na mbele limekaa jina la Numidia, ufalme uliokwisha kufa zamani.

Kosa hili haliwezi kurekebishwa kwa sababu tu ni kosa. Kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina huanza kuhesabu kutoka toleo la 10 la kitabu cha Linnaeus, ambalo ni lile la 1758, na jina lililotangulia kuchapishwa ndilo linaloshikwa hata kama maana yake imepotoka. Matokeo yake, bata mzinga wa pili, anayeishi mwituni katika rasi ya Yucatán na nchi za Guatemala na Belize, alipofika zamu yake ya kuandikwa katika vitabu naye aliishia katika ukoo huo huo. Anaitwa Meleagris ocellata, kanga mwenye vijicho, kwa ajili ya madoa ya samawati na shaba yaliyo kwenye mkia wake, ambayo hayafanani hata kidogo na madoa ya kanga.